Barua ya Wazi kwa Wachunguzi wa Ajali za Ndege: Ripoti Zenu Hazifiki Kijijini

Kwa Mchunguzi Mkuu na maafisa wote wa Idara ya Uchunguzi wa Ajali na Matukio ya Ndege, Wizara ya Barabara na Uchukuzi, Nairobi.

Mheshimiwa Mchunguzi Mkuu,

Mimi ni mwandishi wa habari wa Kiswahili, makao yangu Pwani. Ndege inapoanguka, wewe na maafisa wako huenda kwenye mabaki. Mimi na wenzangu huenda kwenye kipaza sauti. Sikuandika barua hii kuwafundisha kazi. Nimesoma ripoti zenu kadhaa na nyingine za majirani, na ninajua ndani yake mna jasho la watu makini. Lalamiko langu ni kwamba jasho hilo haliwafikii watu ambao ndege zimewaangukia, na lisipowafikia, uchunguzi wenu wa ajali ijayo utakuwa mgumu zaidi kuliko wa ajali iliyopita. Hilo la pili ndilo nitakalolieleza kwa kirefu. La kwanza nadhani mmeshaambiwa na wengi.

Tuanze na siku ya kwanza, maana ndipo mambo huharibika. Jumanne tarehe 28 Oktoba 2025, ndege aina ya Cessna Caravan, usajili 5Y-CCA, iliondoka Diani kuelekea Kichwa Tembo kule Maasai Mara, ikaanguka Tsimba Golini, kaunti ya Kwale. Taarifa ya kwanza ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilisema ajali ilitokea mnamo 0530Z na kwamba ndani mlikuwa na watu 12. Herufi ile Z marubani wanaijua: ni saa ya Greenwich, na sisi wa Afrika Mashariki tunaongeza saa tatu. Maana yake ni saa mbili u nusu asubuhi. Lakini taarifa ile haikuandikiwa marubani, iliandikiwa umma, na wako waliotangaza kwamba ndege ilianguka saa kumi na moja u nusu alfajiri. Mkazi wa Tsimba Golini aliyeusikia mshindo kwa masikio yake, chai imeshanywewa na watu wameshatawanyika kwenda kwenye shughuli zao, anawasha redio anaambiwa mambo yalitokea kukiwa bado giza. Atamwamini nani tena jioni, redio ikimweleza kuhusu hali ya hewa au injini?

Idadi nayo ikabadilika. Baadaye ikajulikana kuwa waliokuwamo ni 11: abiria 10, wanane raia wa Hungaria na wawili wa Ujerumani, pamoja na rubani Mkenya. Wote walifariki. Yule mtu wa kumi na mbili ambaye hakuwahi kupanda ndege aliendelea kutajwa kwenye mitandao kwa muda, na watu wakaanza kuulizana amepotelea wapi.

Najua utaniambia taarifa ile haikutoka kwenu, ilitoka kwa Mamlaka. Ni kweli, na mimi naijua tofauti. Mamlaka husimamia kampuni za ndege, na pia ndiyo inayowaajiri waongozaji wa ndege kwenye minara. Ninyi mnachunguza, na katika kuchunguza mnaweza kulazimika kuigusa Mamlaka yenyewe. Nyote mko chini ya wizara moja. Mwananchi wa kawaida hawezi kuona mpaka ulipo kati yenu, na sioni kwa nini tumlaumu. Siku ya kwanza husikia sauti moja ya serikali, na baada ya wiki moja hasikii sauti yoyote. Ukimya huo ndio anaoujua kama uchunguzi.

Na sheria hailazimishi ukimya. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, na kile Kiambatisho cha 13 kilichopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1951, vinasema mambo ambayo laiti yangebandikwa kwenye kila ofisi ya chifu yangepunguza uvumi kwa nusu. Vinasema lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Vinasema ripoti ya awali itumwe ndani ya siku 30. Vinasema ripoti ya mwisho itolewe hadharani mapema iwezekanavyo, na ikiwezekana ndani ya miezi 12. Na isipowezekana, nchi inayochunguza itoe tamko la hadharani kila inapofika siku ya kumbukumbu ya ajali, ieleze imefika wapi na imekutana na mambo gani ya kiusalama njiani. Hiyo kanuni ya kumbukumbu ni ya kibinadamu kuliko zote. Inakiri kwamba uchunguzi huweza kuchelewa kwa sababu za haki, lakini inakataza familia iachwe gizani mwaka baada ya mwaka.

Hapo ndipo ndege ndogo inapopatwa na balaa lake la pili. Wajibu wa kutuma ripoti ya awali kwenye Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga unazihusu hasa ndege zenye uzito unaozidi kilo 2,250. Caravan iko juu ya mstari huo. Lakini Cessna 172, ile ya viti vinne ambayo karibu kila rubani wa Kenya alijifunzia, uzito wake wa juu kabisa wa kuruka ni kama kilo 1,100 hivi. Ikianguka, ulimwengu hauidai nchi yetu karatasi ile, isipokuwa kukiwa na jambo la ubora wa ndege au lenye maslahi kwa nchi nyingine.

Sasa tazameni Cessna 172 zimefanya nini kwetu. Tarehe 5 Machi 2024 moja ya chuo cha urubani iligongana angani na ndege ya abiria aina ya Dash 8 juu ya Mbuga ya Nairobi. Dash 8 ilikuwa na watu 44, ilikuwa inakwenda Diani, ikarejea uwanja wa Wilson salama. Waliokuwa kwenye ile ndogo, mwalimu na mwanafunzi wake, walikufa wote wawili. Tarehe 10 Januari 2025, Cessna nyingine ya mafunzo ilianguka Kwachocha, Malindi, kando ya barabara kuu. Waliokuwa ndani walinusurika. Watu watatu waliokuwa chini, wakiendelea na safari zao za kawaida, wakafa. Ninataja hii ya Malindi kwa makusudi. Waliofariki hawakuwa na tiketi wala bima ya msafiri, na hakuna kampuni iliyokuwa na majina yao kwenye orodha. Wao na jamaa zao ni watu wa ardhini kabisa. Ukiuliza ni nani anayestahili kuletewa ripoti mlangoni, siwezi kufikiria mtu anayewatangulia hao.

Na mkumbuke Mwihoko, Kiambu, tarehe 7 Agosti 2025, ndege ya madaktari iliyotoka Wilson kwenda Hargeisa ilipoanguka dakika chache tu baada ya kuruka. Wanne waliokuwamo walikufa, na wawili wa mtaani wakafa pamoja nao. Ile ilikuwa jeti, si ya propela, lakini mtaa ulikuwa ni mtaa uleule wa watu waliojenga, wakapanga na wakalala chini ya njia ya ndege.

Uingereza ina kitengo chake cha uchunguzi ambacho kila mwezi hutoa jarida la ripoti fupi, na ndani yake utakuta hata kindege cha viti viwili kilichovunjika gurudumu katika uwanja wa nyasi, mtu hakuumia. Sisemi tuwe Uingereza. Wao wana pesa na wachunguzi wengi. Nasema kwamba ufupi unawezekana. Ripoti ya kurasa mbili iliyotoka mwezi wa tatu ina faida kwa rubani wa Ukunda kuliko kitabu cha kurasa mia kilichotoka baada ya miaka minne.

Nije sasa kwenye lile nililoahidi kulieleza kwa kirefu.

Kila ndege inapoanguka, swali la pili la waandishi, baada ya idadi ya waliokufa, ni kisanduku cheusi kiko wapi. Swali hilo huulizwa hata ikiwa ndege yenyewe ni Cessna 172. Siwalaumu sana wenzangu, hakuna aliyewaambia. Visanduku hivyo, ambavyo kwa hakika ni vya rangi ya chungwa ili vionekane kirahisi, kwa miaka mingi vimelazimishwa hasa kwa ndege zenye uzito unaozidi kilo 5,700. Caravan iko chini ya hapo. Cessna 172 iko chini mno. Basi kwa sehemu kubwa ya ndege zinazoanguka katika nchi hii, hakuna kinasa sauti cha marubani wala kinasa taarifa za safari. Mnafika porini, mnakuta mabati yaliyokunjamana, na mnatakiwa mseme kilichotokea.

Mnavyofanya kazi hiyo ni jambo la kustaajabisha, na ni hasara kwamba wasomaji wetu hawasimuliwi. Mnatazama panga za propela: namna zilivyojipinda na kuchanika hueleza kama injini ilikuwa na nguvu wakati wa kugonga au ilikuwa imeshazimika. Mnachukua balbu ndogo za taa za onyo mkaziweka chini ya hadubini, kwa sababu uzi wa balbu iliyokuwa inawaka huvutika na kurefuka inapopata mshtuko, na wa balbu iliyozimwa hukatika tu. Mnatafuta alama ambayo sindano ya kipimo iliacha usoni mwake wakati wa kishindo. Mnapima sampuli ya mafuta, si ya ndege peke yake bali na ya kule yalikojazwa. Mnarudi kwenye orodha ya abiria na mizigo mkajumlisha upya, maana ndege ndogo iliyoelemewa nyuma inaweza kuruka vizuri kwenye karatasi na kumshinda rubani hewani. Mnasikiliza kanda za mnara. Mnaomba msaada wa Marekani kwa kuwa Cessna imeundwa huko, na wa Kanada kwa kuwa injini ya Caravan ni ya huko.

Kisha mnatafuta watu. Na katika ndege isiyo na kinasa sauti, kinasa sauti chenu ni mama aliyekuwa akipalilia mihogo. Yeye ndiye aliyesikia kama injini iliunguruma mpaka mwisho au ilikohoa ikanyamaza. Yeye ndiye aliyeona kama moshi ulitangulia au ulifuata, kama ndege ilitoka ndani ya wingu ikiwa imelala ubavu au imenyooka, kama ilizunguka mara ya pili. Mnajua pia udhaifu wake: mtu aliyeona ndege ikiungua chini, baada ya siku mbili anaweza kuapa kwamba aliiona ikiungua angani, na hasemi uongo. Ndiyo maana mnataka kumhoji mapema, peke yake, kabla hajasikia redio, kabla hajasikilizana na majirani.

Na kuna zaidi ya ushahidi wa mdomo. Kijiji ndicho kinachofika kwanza. Kabla ya polisi, kabla ya Msalaba Mwekundu, kabla yenu. Katika saa hizo mbili tatu, kijiji ndicho kitakachoamua kama simu ya abiria, ambayo huenda ina picha za dakika ya mwisho, itabaki pale ilipoangukia. Ndicho kitakachoamua kama kipande cha mkia kitavutwa mita 20 ili watoto wakione. Ndicho kitakachojua, au hakitajua, kwamba mafuta yaliyomwagika yanaweza kulipuka kwa sigara moja.

Sasa nieleze, Mheshimiwa, kijiji hicho kimewahi kupata nini kutoka kwenu? Kimehojiwa. Kimeulizwa majina na namba za simu. Kimezungushiwa utepe. Halafu magari yameondoka, mabaki yamepakiwa kwenye lori, na mwisho. Mama wa mihogo hajui kama neno lake liliingia kwenye ripoti au lilitupwa. Hajui hata kama kuna ripoti.

Linganisheni na haki ya mtu mwingine. Kiambatisho hichohicho cha 13 kinaipa nchi ambayo raia wake wamekufa katika ajali haki ya kuteua mtaalamu wake. Mtaalamu huyo anaweza kutembelea eneo la ajali, kupewa taarifa zilizoruhusiwa kutolewa, na kupokea nakala ya ripoti ya mwisho. Kwa hiyo katika ajali ya Kwale, Budapest na Berlin zina haki ya nakala yao. Ni haki yao na wala siwaonei wivu. Wamezika watu wao. Lakini Tsimba Golini, ambako ndege iliangukia, ambako watu walikimbilia moto kwa miguu, hakuna aliyeandikiwa haki ya nakala yoyote.

Ndiyo maana nasema hili si jambo la hisani. Mwanakijiji aliyewahi kuletewa majibu, akasomewa katika baraza la chifu kwamba maelezo ya wakazi yalisaidia kuthibitisha injini ilikuwa inafanya kazi, huyo mara nyingine atalilinda eneo la ajali kama shamba lake. Atamkemea kijana anayeokota vipande. Atapiga simu. Yule aliyeachwa bila jibu atajifunza kwamba uchunguzi wa serikali ni mambo ya wakubwa, na ndege ya pili ikianguka atatoa simu yake arekodi video, awahi kuiweka mtandaoni.

Ukimya una gharama nyingine ambayo inaangukia maiti. Rubani aliyefariki hana wa kumsemea redioni. Siku ya kwanza tu, kabla mabaki hayajapoa, mtu atasema ni kosa la rubani, na mwingine atasema ni hitilafu ya mitambo, na wote wawili hawajui. Baada ya mwaka, ripoti yenu inaweza kuonyesha mlolongo mrefu: kiwanja kisicho na mnara wala mtu wa kupima hali ya hewa, rubani aliyepewa taarifa ya jana, ratiba iliyobana, mafunzo ya kuruka ndani ya mawingu ambayo hayakutosha, mwongozaji aliyekuwa na ndege nyingi kuliko masikio yake. Uamuzi wa rubani unaweza kuwa kiungo kimoja katika mlolongo huo. Lakini mlolongo huo haujawahi kutangazwa kwa sauti iliyotangaza lawama. Mjane wake na watoto wake wanaendelea kuishi mtaani na hukumu ya siku ya kwanza.

Tarehe 5 Juni 2018 Caravan nyingine, 5Y-CAC, ilitoka Kitale kuja Nairobi ikiwa na watu 10. Haikufika. Jamaa walikaa wakipokea habari zinazokinzana, nyingine za kutia matumaini, mpaka mabaki yalipoonekana katika milima ya Aberdare tarehe 7, na hakuna aliyepona. Nani leo katika mitaa ya Kitale anaweza kukueleza uchunguzi ulisema nini kuhusu njia waliyopita na urefu waliokuwa nao? Wanakumbuka siku mbili za kungoja. Sehemu ya kujifunza haikuwafikia.

Najua pia tunavyoweza kufanya tukitaka. Helikopta ya polisi ilipoanguka Ngong tarehe 10 Juni 2012 ikamuua Waziri George Saitoti, naibu wake Orwa Ojodeh na wengine wanne, iliundwa tume chini ya Jaji Kalpana Rawal, mashahidi wakasikilizwa hadharani, magazeti yakaandika kila siku. Watu wengi walibaki na nadharia zao, hilo halizuiliki. Lakini angalau waliona uchunguzi ukifanyika mbele ya macho yao. Mwanafunzi wa urubani hawezi kuundiwa tume, sikatai. Kati ya tume na kimya, hata hivyo, pana nafasi kubwa.

Jirani zetu walitufundisha jambo moja. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya ATR iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba. Walikuwamo watu 43, wakafa 19, wakiwamo marubani wote wawili. Hata pale hesabu ya kwanza ilikosewa: walitajwa manusura 26, kisha ikafafanuliwa ni 24, kwa kuwa wawili waliopelekwa hospitali hawakuwa abiria bali walikuwa waokoaji. Lakini kabla ya mwezi kwisha ripoti ya awali ilikuwa mikononi mwa umma, na haikuishia kwenye ndege. Iligusa uokoaji: kwamba wavuvi ndio waliotangulia kufika, na kwamba boti ya polisi ilichelewa na wazamiaji wake hawakuwa na vifaa vya kutosha. Watanzania waliijadili kwa Kiswahili, bungeni na vibarazani, kwa sababu habari zake ziliwafikia kwa Kiswahili.

Sasa fikirini nani Kenya alihitaji kuisoma ile. Uwanja wa Kisumu uko ukingoni mwa ziwa lilelile. Uwanja wa Lamu uko kisiwani Manda, na abiria akishuka anapanda boti. Wavuvi wa Dunga na manahodha wa Lamu ndio watakaofika kwanza siku ikifika, Mungu aepushe. Je, kuna mtu aliyewaletea kurasa mbili za Bukoba akawaambia: mlango wa ndege hufunguliwa hivi, msivunje kioo cha mbele mkiwa mmesimama hapa, msivute ndege kwa kamba kabla watu hawajatoka? Masomo ya ajali yanavuka mpaka kwa barua pepe baina ya mamlaka na mamlaka, na yanafia kwenye kompyuta.

Niseme basi ninachokiomba.

Kwanza kabisa Kiswahili. Ibara ya 7 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na inaitaka serikali ichapishe na kutangaza habari muhimu zinazoligusa taifa. Siombi mtafsiri ripoti nzima na majedwali yake; fundi wa injini ataisoma kwa Kiingereza na haitamdhuru. Naomba kurasa mbili za Kiswahili kwa kila ajali iliyoua mtu, iwe ndege ya kilo 600 au ya kilo 60,000: nini kilitokea, nini kimethibitishwa, nini bado hakijathibitishwa, nini kimependekezwa. Saa ziandikwe kwa saa zetu. Kurasa hizo mbili zisomwe na mtu wenu mwenyewe katika baraza la mahali ndege ilipoangukia, aulizwe maswali, ajibu anayoweza. Anayoshindwa aseme bado tunachunguza. Watu wetu si wagumu wa kuelewa neno bado. Wagumu kulitamka ni wakubwa.

Pili ni lile tamko la kila mwaka. Ajali ikitimiza mwaka bila ripoti ya mwisho, toeni tamko siku hiyohiyo. Aya tano zinatosha. Liwekwe mahali panapojulikana, lisitafutwe kwa tochi, na familia zitumiwe kabla ya sisi waandishi.

Tatu ni majibu ya mapendekezo, na hapa nina wasiwasi kuliko kote. Mkishapendekeza jambo la usalama kwa nchi nyingine, Kiambatisho cha 13 kinaitaka nchi hiyo ijibu ndani ya siku 90 imechukua hatua gani. Nataka utaratibu huohuo tuuone ndani ya nchi, hadharani. Mmependekeza kiwanja fulani kiwekewe kipimo cha hali ya hewa: kiliwekwa? Mmependekeza njia za ndege za mafunzo zitenganishwe na za abiria kuzunguka Wilson: nani alijibu, lini, alisema nini? Orodha moja tu, pendekezo upande huu na jibu upande wa pili, na pasipo na jibu pabaki peupe. Nafasi zile tupu zitafanya kazi ambayo hotuba haziwezi.

Mtanijibu kwamba ripoti zikitoka mapema mawakili watazitumia mahakamani. Watazitumia hata zikichelewa. Mtanijibu kwamba kuna mambo ambayo sheria inayakinga, kama sauti za marubani na maelezo ya mashahidi, ili watu wasiogope kusema kweli siku nyingine. Naafiki kwa moyo wote, na hakuna neno katika barua hii linaloomba hayo. Sauti ya mtu katika dakika yake ya mwisho si ya kuchezwa redioni. Mtanijibu kwamba wachunguzi ni wachache na bajeti ni ndogo. Hilo nitalisaidia kulipigia kelele, mkinipa takwimu. Ila kurasa mbili za Kiswahili na nauli ya afisa mmoja mpaka Kwale haviwezi kuivunja wizara iliyokodi malori ya kubeba mabaki.

Wenzangu wa vyumba vya habari nawaomba nao jambo moja wakati tukingoja majibu: siku ya kwanza tusitangaze chanzo. Tutangaze mahali, aina ya ndege, ilikotoka na ilikokuwa ikienda, na idadi pale tu kampuni na Mamlaka wanapokubaliana. Swali la kisanduku cheusi lianze na kuuliza kama ndege hiyo huwa nacho.

Mheshimiwa, nimetaja Kwachocha, Mwihoko na Tsimba Golini. Nakuomba uchague mojawapo, yoyote, umtume afisa wako na kurasa mbili mkononi, na utangaze tarehe mapema ili wafiwa wajiandae. Jibu la barua hii likija kwa Kiswahili nitalichapisha lote bila kulipunguza neno.

Wasalaam,

Mwandishi wa habari, Pwani